Thiago Silva, namba tano aliyetoka kitandani Moscow

Haya wadau wangu mambo vipi, nawasalimu wote Tanga, Dar, Mwanza, na ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi mnaonifuatilia kila wiki, asanteni sana. Leo tunaongea mpira tu. Kwenye komenti za video iliyopita kuna kaka mmoja kaandika kwamba Thiago Silva, yule Mbrazili namba tano, ni beki wa kati wa kawaida, kabebwa na hela za PSG, klabu tajiri ya Paris, na watu wakamgongea laiki kibao. Hapana jamani, hiyo siwezi kuiacha ipite. Mimi naishi hapa Newark, New Jersey, karibu kabisa na mtaa wa Ironbound ambao umejaa Wareno na Wabrazili, ukipita Ferry Street jioni kila mkahawa una tivii na kila tivii ina mpira wa Brazil, na ukilitaja jina la huyu mtu kwa hawa wazee wa hapa wanakuheshimu hapohapo.

Basi tuanzie mbali kidogo. Thiago kazaliwa Rio, Septemba 1984. Klabu kadhaa za pale mjini zilimuona akiwa dogo zikamwambia hapana, akaenda zake kusini kabisa, RS Futebol, halafu Juventude, na huko mwanzo alikuwa anacheza kiungo ndo akaja kurudishwa nyuma kuwa beki. 2004 Porto ya Ureno wakamchukua. Sasa Porto wakati ule ndo wametoka kubeba ubingwa wa klabu za Ulaya, wamejaa mastaa, dogo akawekwa timu B, kikosi cha kwanza hakugusa hata dakika moja. Ushike huo mji wa Porto, tutaurudia.

2005 anapelekwa Dynamo Moscow, kwenye baridi ile, na huko ndo mambo yakaharibika kabisa. Anakohoa, anaishiwa nguvu, kupima, kifua kikuu. Akalazwa miezi kama sita, kijana wa miaka 20 na kidogo, nchi ya watu, lugha haijui, mwenyewe ameshasimulia kwamba ilifikia hatua madaktari wanazungumzia kukata sehemu ya pafu, na akataka kuachana na mpira moja kwa moja, mama yake ndo akamshikilia asiache.

Hapa naomba nisimame kidogo maana hii TB tunaijua sisi, kila ukoo una mtu wake. Na bado nyumbani mtu anakohoa wiki mbili wiki tatu anajificha, anaogopa majirani watasema nini, wakati dawa hospitali za serikali ni bure na ukizimaliza hiyo miezi sita bila kuruka unapona. Huyu mtu pafu lake liliharibika akiwa na miaka 20, akaja kucheza mpira wa kulipwa miaka mingine 20 baada ya pale. Ukinambia kabebwa na hela sikuelewi kabisa.

Kocha Ivo Wortmann, aliyekuwa anamfahamu tangu Juventude, ndo akamrudisha Brazil, Fluminense, klabu ya kwao Rio, 2006. Pale akawa mtu. 2007 wakachukua Copa do Brasil, 2008 wakafika fainali ya Libertadores, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini, na LDU ya Quito, wamefungwa 4-2 ugenini, wakarudi Maracanã wakashinda 3-1, halafu wakafa kwa matuta nyumbani kwao. Wale wazee wa Ferry Street wenye jezi ya Fluminense hiyo mechi mpaka leo ukiitaja wanakata maongezi.

Milan wakamsajili mwisho wa 2008, kama euro milioni 10, na kwa sababu ya sheria za wachezaji wa nje ya Ulaya ikabidi akae anafanya mazoezi tu, hachezi mechi za ushindani mpaka msimu mpya uanze 2009. Lakini fikiria unafanya mazoezi kila siku na Nesta na Maldini, mabeki wakubwa kabisa wa Italia! Msimu wa 2010/11 Milan wanabeba Serie A, ligi ya Italia, mechi 38 wameruhusu magoli 24 tu, katikati pale ni Nesta na Thiago. Septemba 2011 wako Camp Nou na Barcelona ile ya Guardiola, ubao 2-1, dakika za nyongeza, kona inapigwa, namba tano anapanda juu ya watu wote anaweka kichwa, 2-2. Mimi kwangu Milan ndo Thiago bora kuliko wote, na siku walivyomuuza yeye na Ibrahimović kwa pamoja kwenda PSG, kiangazi cha 2012, Milan walijiumiza wenyewe kwa miaka mingi sana.

Paris mnaijua. Misimu 8, ubingwa wa ligi 7, kitambaa cha unahodha mkononi, hilo sirefushi. Ila tuseme ukweli wote, ile usiku ya Machi 2017, ile 6-1 ya Barcelona baada ya PSG kushinda 4-0 kwao, yeye ndo alikuwa nahodha na timu ilirudi nyuma mno tangu dakika ya kwanza, lawama zake alistahili. Halafu 2020 mkataba unaisha, klabu haitaki kuongeza, wanamuongezea miezi miwili tu amalizie Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Lisbon, wanafika fainali, Bayern 1-0, na hiyo ndo ikawa mechi yake ya mwisho PSG. Ana miaka 35 inaenda 36. Watu wote tukasema haya huyu kwisha.

Chelsea wakamchukua bure. Mechi yake ya kwanza ya ligi, West Brom, anapewa na kitambaa kabisa, mpira unamponyoka mguuni akiwa mtu wa mwisho, Callum Robinson huyoo anaenda kufunga, ubao unafika 3-0. Mtandaoni walimchana siku ile acha kabisa. Chelsea wakarudisha 3-3. Januari anakuja kocha Tuchel, aliyekuwa naye Paris, anaweka mabeki watatu na mzee anakaa katikati, na Mei 29, 2021 wako fainali ya Ligi ya Mabingwa na Manchester City. Fainali inachezwa wapi? Porto! Dragão, uwanja wa klabu ileile iliyomweka timu B. Dakika ya 39 nyonga inakataa, anatoka analia, dakika tatu baadaye Havertz anaifungia Chelsea, na kombe analinyanyua.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Julai 8, 2025, uwanja wa MetLife hapahapa New Jersey, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Fluminense na Chelsea. Alisharudi nyumbani 2024 akaikuta Fluminense inaburuza mkia, wakapona kushuka daraja, na mwaka uliofuata anawaongoza huku Marekani: sare na Dortmund, sare na Mamelodi Sundowns ya ndugu zetu wa Afrika Kusini, wanamtoa Inter 2-0, wanamtoa Al Hilal. Jua lilikuwa kali mno saa tisa mchana ile. Niliacha kuangalia mpira nikamwangalia yeye tu kwa muda, na kwenye tivii hicho kitu hukioni: mpira uko upande mwingine kabisa lakini shingo yake haitulii, anageuka kushoto, anageuka kulia, mkono anamwonyesha beki wa pembeni asogee hatua mbili, na krosi ikija anakuta imemdondokea pale alipo, hakimbii. Ana miaka 40. Hiyo ndo maana ya mkoba, yule beki wa kati wa mwisho, namba tano wa kweli, anaucheza mpira kabla haujafika. Wakafungwa 2-0, yote ya João Pedro wa Chelsea, mtoto aliyelelewa na Fluminense hiyohiyo, akafunga na akakataa kushangilia, Wabrazili waliokaa karibu yangu wengine wakampigia makofi huku wanalia.

Na mkadhani basi imeisha. Desemba 2025 anaondoka Fluminense, anasaini Porto. Ana miaka 41, zaidi ya miaka 20 tangu wamweke timu B, safari hii anasaini kuchezea kikosi cha kwanza.

Kaka uliyeandika ile komenti sina ugomvi na wewe, ila nataka unitajie hapo chini beki wa kati mmoja tu wa miaka hii 20 aliyecheza kwa kiwango hicho Italia, Ufaransa na Uingereza, zote tatu. Wengine pia tajeni, nitasoma zote nikitoka zamu ya usiku.