Majani Yafunike, Mizizi Ichemshe: Kuandaa Mitishamba Nyumbani

Karibuni watazamaji wangu. Leo tunaandaa vinywaji viwili, mnanaa na tangawizi. Ukivielewa hivi viwili, hutahangaika sana na majani wala mizizi mingine.

Kwanza, ujue mmea wako. Jina moja hubebwa na mimea mingi, na mingine ni sumu. Kama huna uhakika, usichume. Hapo sina mjadala.

Tuanze na mnanaa. Osha majani mabichi kama 10, yafikiche kidogo kwa vidole mpaka harufu ipande. Yatie kikombeni, mimina maji yaliyotoka kuchemka, na ufunike papo hapo. Subiri dakika 5 hadi 10.

Sasa funua, ugeuze kifuniko. Unayaona haya matone? Yanuse. Hayo ni maji yenye mafuta ya mnanaa yaliyopaa na mvuke. Yarudishe kikombeni, usiyapanguse! Ukiyachemsha majani haya nusu saa sufuria ikiwa wazi, jiko zima litanukia, lakini ulichokitaka kitakuwa kimeishia hewani.

Joto ni jambo zito. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alihangaika kutafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa artemisia. Katika maandishi ya kale ya tabibu Ge Hong akakuta mmea huo ukilowekwa majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na ikafanya kazi. Mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Vidonge vya mseto vya malaria vimetokana na kazi hiyo. Ila nawasihi, chai ya artemisia haichukui nafasi ya vidonge hivyo. Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hubadilikabadilika.

Tangawizi sasa. Hii ni ngumu, inataka moto. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kikwangue, kiponde. Kitie kwenye vikombe 2 vya maji baridi, bandika jikoni. Yakichemka, punguza moto, funika, acha dakika 10 hadi 15, kisha chuja. Inasaidia kichefuchefu, na tafiti zimeonyesha hivyo. Ukipenda tia asali, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asionjeshwe asali kabisa, maana inaweza kumletea botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.

Hatua ya mwisho haihitaji sufuria. Chukua karatasi, andika mmea unaotumia, sehemu yake, kiasi, na umeanza lini. Mpelekee daktari au mfamasia. Wengi huficha wakiogopa kufokewa, na hilo linaniumiza, kwa sababu mimea ina nguvu kweli. Kitunguu saumu kingi kwa mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kinaweza kumwongezea hatari ya kuvuja damu. Mmea wa Hypericum perforatum, unaonywewa kwa ajili ya sonona, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za VVU.

Na kama una upasuaji, usisubiri siku ya kulazwa. Ionyeshe karatasi hiyo mapema, kwani huenda ukatakiwa kuacha baadhi ya mitishamba wiki kadhaa kabla.