Mboni ya Jicho Haina PIN

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Mnaikumbuka foleni ya KICC, ule ukumbi wa mikutano, Agosti 2023? Umati wa watu ulijipanga jijini Nairobi kusubiri kutazama ndani ya tufe la rangi ya fedha. Tufe lilipiga picha mboni za macho, na kila mmoja akaahidiwa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Ulikuwa mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ni mmoja wa waanzilishi wake. Hoja yao: akili unde itamwiga binadamu, kwa hivyo kila mtu awe na ushahidi kuwa yeye ni mtu kweli.

Wapo wanaosema waliopiga foleni walikuwa na tamaa. Mimi siwalaumu hata kidogo. Shilingi 7,000 ni kodi ya nyumba mitaani kwetu. Mtu ameshafungiwa mlango na mwenye nyumba, utamwuliza kama amesoma masharti? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya hiari, mtu akijua anakubali nini. Ridhaa ya mwenye dhiki, iliyonunuliwa, siiti hiari.

Tena fikirieni hili. PIN yako ya M-Pesa ikijulikana na mtu, unaibadilisha hapo hapo. Mboni je? Uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo.

Serikali iliusimamisha mradi tarehe 2 Agosti. Shirika la Katiba Institute na wenzao wakaenda kortini, na Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamua kwamba data ile ilikusanywa kinyume cha sheria: ridhaa haikuwa halali, wala athari hazikutathminiwa kwanza. Akaamuru ifutwe ndani ya siku 7, Kamishna wa Data akisimamia.

Nilifurahi sana. Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Faili hufutika, lakini programu iliyokwisha kufundishwa kwa faili haisahau kwa sababu faili limeondolewa. Nani ataingia humo ndani kukagua? Sisi mawakili hatuwezi peke yetu. Kamishna anahitaji wahandisi, na wengi.

Kama ulikuwa kwenye foleni ile, kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje. Huhitaji wakili kuuliza. Nimekuja na karatasi na kalamu. Tukimaliza, njoo hapa mbele tuiandike barua yako.