Turubai la Watu

Mnaliona hili? Subirini nilikunjue kidogo, chumba chenyewe kidogo. Turubai. La bluu, lina kiraka cha njano kwenye kona, na huku nta ya mishumaa imegandia, sijaibandua mpaka leo. Si langu. Nimekaa na mali ya watu karibu mwaka mzima, na mama yangu kule Morogoro hanipi amani.

Haya, shikamooni wakubwa, mambo vipi wadogo. Karibuni tena Edmonton. Kwa wageni: ni Alberta, magharibi ya Kanada, mji wa watu zaidi ya milioni moja, na tafadhali usiniambie una binamu Toronto nimpelekee mzigo. Toronto ni ndege ya saa nne kutoka hapa.

Mdogo wangu aliniuliza juzi, dada, vijana wa huko wanajirushia wapi? Nikaanza kumtajia baa za Whyte Avenue, nikanyamaza. Baa zipo, ndiyo, lakini ukitaka kuwaona vijana wa huku wakiwa wao, subiri kiangazi. Miezi ya baridi kila mtu amejifungia kwake, kwenye basi mtu akikutazama anahamisha macho haraka kana kwamba umemdai. Jua likirudi wanatoka wote kwa pamoja, kama kumbikumbi baada ya mvua. Na wanakwenda kwenye muziki, nje, kwenye majani.

Mambo haya yana umri. Winnipeg walianza tamasha lao la muziki wa folk, yaani nyimbo za kiasili, mwaka 1974, Vancouver wakafuata 1978, Edmonton ikaja 1980. Wanaopenda ngoma za kompyuta wana Shambhala, shambani karibu na kijiji cha Salmo, British Columbia, tangu 1998. Kwa miaka mingi hapo pombe ilikuwa haiuzwi kabisa, na watu wanacheza mpaka kunakucha. Sijaenda. Umri wangu wa vigodoro umepita, nikisikia besi ya usiku kucha kiuno kinajibu chenyewe.

Basi mwaka jana Agosti, mtu wa kazini alipangiwa zamu wikiendi yote, akaniuzia tiketi yake ya hilo tamasha la Edmonton. Sikujua naenda wapi. Nilidhani ni uwanja, viti, jukwaa, unakaa unatazama. Kumbe ni mlima! Tuseme kilima, msije mkafikiri Uluguru. Gallagher Park. Januari watu wanateleza na skii palepale, Agosti wanajaza mteremko mzima, jukwaa liko chini, na nyuma ya jukwaa unaona mto North Saskatchewan na maghorofa ya katikati ya mji. Pembeni kuna piramidi za vioo, ni bustani ya mimea. Kwa kweli ni pazuri.

Sasa pale hakuna viti vya kupangiwa. Kila kundi lina turubai lake. Asubuhi watu wako kwenye foleni na maturubai kwapani, kuna bahati nasibu ya nani atangulie, na geti likifunguliwa unawaona watu wazima wenye mvi wanashuka mbio kuwahi nafasi ya mbele. Ukishatandika, pamekuwa kwako siku nzima. Unaondoka, unaacha begi, unaacha chakula, unazunguka majukwaa madogo saa tatu nzima, unarudi unakuta kila kitu kipo. Mimi mtoto wa stendi ya Msamvu, niliposikia hivyo nilicheka.

Nilifika saa nane mchana, sina turubai wala khanga ya kukalia. Jua kali, na niwaambie, jua la huku Agosti linazama saa tatu usiku, kwa hiyo saa nane ni kama asubuhi tu. Nikaona turubai moja la bluu, tupu, mtu hayupo. Nikajiambia nakaa ukingoni dakika tano. Nikalala.

Nilipoamka kuna bibi amekaa pembeni yangu anamenya chungwa. Mweupe, mzee, kofia ya majani, miguu peku. Niliruka kama nimekutwa na kuku wa jirani. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza changu chote. Yeye akanyoosha mkono akanipa kipande cha chungwa, akaniuliza kama muziki wa mchana ulikuwa mbaya kiasi hicho hadi nikalala.

Bibi yule amekuja mlimani pale tangu binti. Safari hii alikuwa na mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, nywele hazijaona kitana tangu Pasaka, na mikono, jamani, mikono ile! Mikwaruzo, sugu, kucha nyeusi. Nikamwuliza unafanya kazi gani, akasema anapanda miti. Nikajua ni bustani za watu. Hapana. Kuna vijana huku, wengi wanafunzi wa vyuo, kila machipuko wanakwenda misituni British Columbia na kaskazini mwa Alberta kupanda miche palipokatwa magogo au palipoungua. Wanalala kwenye mahema wiki kadhaa. Wanalipwa kwa mche, senti kadhaa, kwa hiyo usipoinama huli. Aliyezoea anapanda zaidi ya elfu moja kwa siku. Mvua, mbu, dubu. Yeye alikuwa amemaliza msimu wiki ileile, pesa mfukoni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuendesha gari siku nzima kuja kukaa kwenye turubai na bibi yake.

Mimi nilikuja huku nikiamini vijana wa Kizungu hawana habari na wazee wao. Ni kazi yangu, nahudumia wazee, nawaona wanavyosubiri simu. Na wapo wa hivyo, sisemi hawapo. Lakini yule kijana alikuwa anamshika bibi yake mkono kila akishuka mteremko, na bibi anamgombeza kwa nywele zake, nikasema loo, hawa nawajua.

Jioni nikampigia mama kwa video. Huku saa tatu na nusu usiku Jumamosi, Morogoro saa kumi na mbili na nusu asubuhi Jumapili, anajiandaa kwenda misa ya kwanza. Na hapo ndipo pazuri penyewe, kwa sababu giza likiingia watu wanawasha mishumaa. Mlima mzima. Maelfu ya vimwanga, hakuna anayeelekeza. Mama akaona, akauliza uko wapi. Nikamwambia niko kwenye turubai la watu, tumewasha mishumaa. Akavua miwani.

"Nani kafa?"

Nimecheka mpaka bibi akaniuliza kuna nini. Sasa ningemwelezaje? Kwamba kwetu ukiona turubai ujue ni msiba, au harusi, na kama kuna mishumaa basi harusi ondoa? Nilijaribu. Akaomba simu, akampungia mama mkono. Mama akamwambia pole. Akamwambia pole, watu wangu, kwa Kiswahili, kwa uso ule wa msibani!

Kelele zile ndizo zilizomleta kaka mmoja aliyevaa fulana ya kujitolea. Alikuwa anapita, akasimama. "Sista, uko unatokea fasi gani?" Fasi! Nikajua huyu wa Kivu. Nikamjibu Morogoro, akacheka, akabadilisha Kiswahili hapohapo, kikatoka cha Kigoma kabisa. Alizaliwa Congo, akakulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Anaijua michembe ya viazi, anawajua samaki wa migebuka, anaimba singeli kuliko mimi. Tulikuwa tunapanda basi moja la namba ileile karibu mwaka mzima, kila mtu na vifaa vyake masikioni, hatujawahi kusalimiana. Ikabidi tukutane kwenye turubai la bibi wa Kizungu ili mtu aniambie habari ya siku mingi.

Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu kujitolea, na hili nalisema kwa mnaokuja huku karibuni, hasa wanafunzi. Tamasha lile lina watu wa kujitolea zaidi ya elfu mbili. Unafanya zamu zako, unakula jikoni kwao, unaingia bure. Yeye alikuwa kitengo cha usafi. Anasema Kiingereza chake kilinyooka kwenye mapipa ya taka kuliko darasani.

Jumapili nikarudi palepale, safari hii na maandazi. Yaliisha dakika kumi. Usiku wa mwisho wana desturi, wasanii wote wanapanda jukwaani na mlima mzima unaimba Four Strong Winds, wimbo wa Ian Tyson. Aliishi Alberta, amefariki Desemba 2022. Ni wimbo wa miaka ya 60, mtu anamuaga mpenzi wake, anakwenda Alberta kutafuta kazi, na pengine atamtumia nauli amfuate. Nilisikia nikageuka kumtazama yule kaka wa Kivu, naye ananitazama. Hatukusema kitu. Mpanda miti alikuwa analia waziwazi, bibi anaimba kwa sauti mbovu kuliko zote.

Halafu watu wakaanza kushuka. Kijana akatangulia kuleta gari, bibi akaniambia nishikie hili kidogo, akanipa turubai, akasema anakwenda chooni. Nikasimama. Watu wakapita, wakapita, mimi nasukumwa kidogo kidogo, mishumaa imezimwa, kofia za majani mia tatu. Nilisubiri mpaka walinzi wakaniomba niondoke. Namba ya simu hatukupeana, hata jina lake la pili silijui. Nikapanda treni na turubai mabegani kama machinga.

Nilimweleza mama, nikidhani atacheka. Akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo umeondoka na turubai la bibi wa watu." Tangu hapo kila simu, kabla hata ya kuuliza nimekula nini: turubai umelirudisha? Krismasi, turubai. Pasaka, turubai.

Kwa hiyo baada ya wiki tano narudi mlimani. Kaka wa Kivu amepangiwa geti mwaka huu, amesema ataangalia kila kofia ya majani inayoingia. Mimi nitalitandika palepale, upande wa piramidi, kiraka cha njano kikitazama juu kionekane. Maandazi nitakaanga mara mbili. Na nta hii siibandui, mwenyewe ataibandua akitaka.