Ufufuo wa Mwili: Mhadhara wa Wiki ya Pasaka, Masasi

Wazee wangu, mama zetu na ndugu nyote mliofika jioni hii hapa Masasi, nimeombwa nieleze maana ya ufufuo katika imani ya Kikristo, nami nitashikilia jambo moja tu, kwa kuwa ndilo tunalolisahau kila tunapotoka makaburini. Tukishazika, watu hufarijiana kwamba mwili si kitu, roho imekwenda kwake. Maneno hayo yana huruma, lakini mitume walitangaza neno kubwa kuliko hilo: aliyezikwa ndiye aliyefufuka, na kaburi lake lilikutwa tupu.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho karibu na mwaka 55, aliwajibu waliokuwa wakisema kwamba hakuna ufufuo wa wafu. Hakuwaachia upenyo: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Kisha akamwita Kristo “limbuko lao waliolala”, na neno hilo sisi watu wa kusini hatuhitaji kufasiriwa. Korosho za kwanza kudondoka hazijazi hata kikapu, lakini anayeziokota anajua kwamba msimu umefika na zilizobaki mtini zinafuata. Pasaka, kwa Paulo, ni mwanzo wa mavuno ambamo sisi na wafu wetu tumo.

Nao wafu watakuja na mwili gani? Paulo alijibu kwa mfano wa mbegu. Panda korosho, uirudie baada ya wiki chache: ganda lile gumu limepasuka na kuachwa, na palipofukiwa pamesimama mche ambao hakuna angeweza kuukisia kwa kuitazama korosho, ingawa hakuna mkulima atakayesema kwamba si kile alichokipanda. Ndiyo maana kisa cha Lazaro, yule aliyekufa na Yesu akamwita atoke kaburini, pamoja na utukufu wake, si ufufuo tunaousema hapa. Yeye alirudishiwa uhai huu huu unaokwisha, ilhali Kristo, kama isemavyo Waraka kwa Warumi, hafi tena.

Injili zenyewe haziuonei haya mwili huo. Katika Luka, wanafunzi wanadhani wameona roho, naye Kristo anawaonyesha mikono na miguu yake, kisha anakula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao. Katika Yohana, Tomaso anaonyeshwa alama za misumari: mateso ya Ijumaa hayakufutwa, yamo katika mwili uliofufuka.

Nami huwafikiria sana wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Walikwenda kuupaka mwili manukato, kazi iliyo ndugu na ile mama zetu wanayoifanya mlango ukiwa umefungwa, wakimwosha marehemu na kumkunja mikono taratibu, kana kwamba bado anaweza kuumia. Marko anasema walikuwa wakiulizana njiani ni nani atakayewavingirishia lile jiwe. Luka anaongeza kwamba mitume, walipoletewa habari, waliyaona maneno yao kuwa upuzi. Hata hivyo ni hao, waliokwenda kuuhudumia mwili, walioambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba hayupo pale, amefufuka.