Usianze kwa kuzungusha distribyuta

Assalaam aleikum wazee wangu na vijana. Sogeeni huku mbele bwana, mie sipigi kelele, na hiyo spika naona inakwaruza tu. Nimeambiwa nizungumze taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta, ya gari za zamani, hizi za pointi, vile vyuma vidogo vinavyokata umeme, na koili inayoukuza, Morris Minor, Beetle, Land Rover za kale, siyo hizi zenye kompyuta. Mfumo wenyewe Charles Kettering aliutia kwenye Cadillac za 1910 na mpaka leo hapa Chake, Pemba, gari za namna hiyo zipo na zinatembea.

Ntakwambieni jambo moja na mengine yatafata nyuma yake. Gari ikikosa nguvu au ikigonga mlimani au ikichemsha bila sababu, distribyuta, ile inayogawa cheche kwa plagi, ndio kitu cha mwisho kuzungushwa, na siye ndio cha kwanza kukiendea. Fundi analegeza boliti, anaizungusha kwa masikio mpaka injini isikike tamu, anakaza, anachukua chake. Sasa masikio yanadanganya, tena kila siku yanadanganya upande ule ule, maana ukiipeleka taimingi mbele kidogo gari ikiwa imesimama raundi zinapanda na muungurumo unatulia, basi sikio linafurahi na wewe unazidi kupeleka mbele, halafu mwenye gari anashika njia ya Mkoani na vile vilima vyake, anakanyaga mafuta, kwa-kwa-kwa-kwa, pistoni zinapigwa. Angekuwa anakaa Makunduchi kwenye tambarare labda angeendesha mwaka mzima asijue.

Kwa nini cheche itangulie hata? Mnazijua pembea za sikukuu, mtoto akirudi unamsukuma pale pale anapoanza kuondoka, ukimuwahi bado anakujia atakuvunja mkono, ukichelewa nguvu zako zimekwenda na upepo. Ndio pistoni hiyo. Lakini moto nao haushiki wote kwa mara moja, unataka kama sehemu 2 katika elfu za sekunde mpaka uenee. Injini ikiwa kwenye raundi 800 kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, katika muda huo inakwenda kama digrii 10, ikifika 3000 inakwenda digrii 36. Kwa hiyo cheche lazima itangulie zaidi kila raundi zinavyopanda, na kazi hiyo inafanywa na vile vyuma viwili vya uzito na springi zake chini ya sahani ya pointi, na pembeni ile vakyumu, kikopo kinachovutwa na upepo wa injini, inasaidia ukiwa unakwenda polepole hukukanyaga sana. Ukishaelewa hapo utaona kwamba kuizungusha distribyuta ni kurekebisha mwanzo tu, kama vyuma vimegoma huko chini huwezi kuvirekebisha kwa kuzungusha, utaiweka sawa chini iharibike juu au kinyume chake.

Haya tuanze na pointi. Morris inataka uwazi wa inchi 0.014 mpaka 0.016, Beetle milimita 0.4, na unapimwa kwa fila, kile kisahani chembamba cha kupimia, pale kisigino cha pointi kimekaa juu kabisa ya nundu ya shafti ya distribyuta, siyo popote. Hapa pana mtego: uwazi ukiongezeka pointi zinafunguka mapema, taimingi inakwenda mbele, ukipungua inarudi nyuma. Kisigino kikisagika, na vya siku hizi vinasagika haraka mno, uwazi unajifunga wenyewe na taimingi inarudi nyuma bila mtu kugusa boliti yoyote. Kwa hiyo ukiweka taimingi kwanza halafu ukaja kurekebisha pointi umejiharibia kazi yako mwenyewe. Pointi kwanza, taimingi baadae, hapana njia nyengine. Na tia grisi kidogo, kidogo nasema, pale kwenye nundu.

Pili, na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndio ugonjwa wa gari nyingi nnazoletewa: toa kifuniko, shika shafti yenyewe kwa vidole, itikise upande kwa upande. Ikicheza, bushi, vile vipete inamozungukia, zimekwisha. Uwazi wa pointi unabadilika kutoka nundu moja kwenda nyengine, silinda hii inapata cheche mapema ile inachelewa, na ukimulika kwa taa ya taimingi alama kwenye puli haitulii, inarukaruka. Watu wanabadilisha plagi, wanabadilisha waya, wanabadilisha koili, gari inamisi vile vile. Yakhe, peleka kwa mtu wa lathe, mashine ya kuchonga chuma, akakutengenezee bushi, hiyo ndio dawa yake.

Halafu vyuma. Siye tumezungukwa na bahari, chumvi inaingia kila pahala. Kamata rota, ile inayozunguka juu ya shafti, ipindishe kwa mkono upande inaozungukia kisha iachie, inatakiwa irudi yenyewe chap. Ikibaki pale ilipo au ikarudi kwa uvivu, kutu imeshika, fungua usafishe utie mafuta matone mawili matatu. Vakyumu: vua mpira upande wa kabureta, uvute kwa mdomo huku unatizama sahani ya pointi. Isiposogea, au ikisogea halafu ukiziba kwa ulimi inajirudia yenyewe, ngozi ya ndani imepasuka.

Hapo sasa ndio tunakwenda kwenye taimingi. Silinda namba moja iwe kwenye kukandamiza, siyo kwenye kutoa moshi, maana alama ya puli inapita mara mbili na rota inazunguka nusu tu ya mwendo wa kranki, ukikosea hapo gari haiwaki, inatapika moto kwenye kabureta. Ziba tundu la plagi kwa kidole, upepo ukikusukuma ndio yenyewe. Sogeza mpaka alama ya kitabu. Chukua balbu ndogo, waya mmoja kwenye ile nati ya koili inayokwenda kwa pointi, mmoja kwenye bodi, washa swichi. Zungusha distribyuta ifate upande wa rota mpaka balbu izime, halafu irudishe kinyume taratibu, pale inapowaka tu, kaza. Swichi usiiwache wazi ukenda kunywa chai, koili itaungua.

Mwenye taa ya taimingi avue mpira wa vakyumu auzibe, apime, kisha apandishe raundi atizame alama inavyopanda. Iende laini.

Kuna kijana kaniuliza hapa, fundi, mie nimefanya yote hayo na bado inagonga mlimani. Sawa mwanangu, tizama petroli. Vitabu hivi vimeandikwa zama za petroli ya risasi, yale madini ya kuzuia kugonga, na huku kwetu Afrika kusini ya Sahara risasi ilikwisha kutolewa 2006. Petroli ikiwa dhaifu kuliko ile aliyoikusudia mwenye kiwanda injini itagonga hata kwa namba ya kitabu, kwa hiyo rudisha nyuma digrii moja, panda kilima kile kile kwa gia ile ile, ikigonga rudisha tena moja. Lakini usivuke tatu nne, ikizidi hapo itakuwa nzito, itachemsha na eksozi itakuwa nyekundu, na kama bado inagonga basi tafuta kaboni juu ya pistoni au kabureta inayotoa mafuta haba, taimingi iwache.

Haya, ile Morris pale nje mwenyewe kasema tuifungue. Nani ana fila?