Kivuli cha Orlok Juu ya Mabati

SAFINA: Karibuni tena wasikilizaji, tuko Kampala. Odongo, filamu mpya ya Nosferatu umeiona?

ODONGO: Mara mbili, dada. Ya kwanza kwa simu, nikajuta. Giza lake ni zito, kwenye simu unajiona uso wako tu. Ya pili rafiki alileta projekta, tukaziba madirisha kwa blanketi. Hapo ndipo niliogopa.

SAFINA: Kwa asiyejua, ya mwanzo ni ya 1922, filamu bubu ya Mjerumani F. W. Murnau. Kisa walikichukua kwenye Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897 kuhusu mnyonya damu, bila ruhusa. Dracula wakamwita Orlok. Mjane wa Stoker akawashtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe.

ODONGO: Chache zikaponea. Mwaka 1979 Werner Herzog akaifanya upya, halafu 2024 Robert Eggers, na Bill Skarsgård ndiye Orlok.

SAFINA: Mimi moyo wangu uko kwa ile ya Murnau. Kivuli kinapanda ngazi, mgongo umepinda, kucha ndefu, mkono unatangulia mlangoni. Mwenyewe humwoni.

ODONGO: Hicho hakina mpinzani. Lakini huyu wa Eggers ana masharubu, koti la manyoya, mwili umeoza, sauti unaisikia kifuani. Vijana wetu wamelelewa na wanyonya damu warembo wa kuchumbiana nao. Eggers amewarudishia maiti.

SAFINA: Na panya! Orlok anashuka melini na panya na tauni. Mwaka 1922 Wajerumani walikuwa wametoka kuzika watu wa vita na wa homa ya 1918. Ile ya Murnau ina foleni ya majeneza yanabebwa barabarani, na mpwa wangu alipoifikia aliacha kutafuna. Huyu ni mtoto aliyekaa nyumbani karibu miaka miwili shule zilipofungwa kwa korona. Hakuhitaji kuelezwa.

ODONGO: Basi ukiifanya hapa kwetu, ngome utaitoa wapi?

SAFINA: Siitaki ngome, kaka. Bibi alitusimulia bazimamoto wa enzi za mkoloni: watu wa zimamoto, eti wanakamata mtu usiku na kumtoa damu. Pwani wanasema mumiani. Hata uzeeni, king'ora kikilia alituvuta ndani na kutia komeo. Sikuwahi kumcheka. Watu walioona ardhi na jasho lao vinachukuliwa, hadithi ya damu iliwaingia upesi.

ODONGO: Hapo umenigusa. Anayetaka kurudia filamu hii asiazime meno ya Mzungu, atafute hofu iliyo tayari nyumbani kwake.

SAFINA: Nayo ibaki bubu.

ODONGO: Bubu kabisa! Ipelekwe kwenye kibanda cha video, veejay, yule msimulizi wa filamu papo hapo, aisimulie kwa Kiganda. Watengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga hapa Kampala walitoa filamu ya Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa vifaa vya kuungaunga, na sauti ya veejay imo ndani. Kazi hiyo tunaiweza.

SAFINA: Ila kivuli kikianza kupanda ngazi, veejay anyamaze.

ODONGO: Ngazi ipi, dada? Muzigo, chumba chetu cha kupanga, hauna ngazi. Kivuli kipite juu ya mabati, taratibu, mlango kwa mlango.

SAFINA: Na bibi ndani, mkono kwenye komeo.