Kilo 4530: mazoezi ya kwanza ya kuandika programu

Mhadhara kwa vijana wanaoanza kujifunza kompyuta, Mtwara mjini

Shikamooni wazee mlioketi nyuma. Vijana, hamjambo? Sogeeni huku mbele, feni inayozunguka ni hii moja tu.

Nilipoanza kujifunza kuandika programu, zoezi la kwanza lilikuwa jepesi: muulize mtu namba mbili, zijumlishe, mwoneshe jibu. Mimi nikaona namba tupu hazina ladha. Kwetu Tandahimba msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, nikasema programu yangu itamjumlishia babu kilo alizopeleka chama cha msingi cha ushirika. Nikaandika mistari mitatu kwa Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu:

jana = input("Kilo za jana: ")
leo = input("Kilo za leo: ")
print(jana + leo)

Jana babu alipeleka kilo 45, leo 30. Nikaingiza, nikabonyeza, kioo kikaniletea 4530. Nikampigia simu nimsomee. Akanyamaza, kisha akasema: "Walanguzi wa korosho, hao kangomba, tunawajua, hao hupunja. Wewe mizani yako inazidisha, ya wapi hiyo?"

Mnacheka, lakini nataka tukae hapohapo kwenye 4530, maana karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha amepita njia hiyo. Wengi hudhani ugumu wa kuandika programu uko kwenye hesabu. Hesabu ya 45 na 30 mtoto wa darasa la pili anaiweza. Ugumu uko kabla ya hesabu: kujua kilichoingia ni kitu gani.

Mtu akibonyeza 4 halafu 5, input haipokei arobaini na tano. Inapokea maandishi, alama mbili zilizofuatana, kama vile angeandika "ab". Na kwa maandishi, ile alama ya kujumlisha ina kazi nyingine: inaunganisha, hiki mwisho wa kile. Kwa hiyo kompyuta haikukosea. Nilikabidhi karatasi mbili zilizoandikwa, ikazigundisha kwa gundi, nami nikalalamika kwamba haikupima gunia.

Dawa yake ni kuyageuza maandishi yawe namba kabla ya kuyagusa:

andiko = input("Kilo za jana: ")
jana = int(andiko)

Hiyo int inasoma maandishi na kukupa namba kamili. Ukitaka yenye nukta, kama 45.5, unatumia float. Sasa jaribu kuandika "kilo 45" badala ya 45. Programu itagoma, itakutolea maneno marefu mekundu yanayoishia na ValueError. Wanafunzi huyaogopa sana maneno yale. Mimi nayapenda. Gonjwa baya ni lile la 4530, ambapo programu inakupa jibu la uongo na haioneshi hata aibu.

Kabla sijaendelea, nani ataniambia: nikichukua andiko lenye "45", sijaligeuza, nikalizidisha mara 3, napata nini? ... 135, anasema. Nani mwingine? Ndiyo, dada wa kilemba cha bluu: 454545. Kalirudia mara tatu. Huyu atatusumbua.

Sasa hayo majina, jana na leo, vitabu vyetu huyaita vigeu. Jina halijapendwa sana, wengine hulitania kigeugeu, ila linafaa, kwa sababu kilichomo ndani kinaweza kugeuka. Tazameni hapa ubaoni. Bei nimeitunga kwa zoezi tu, mtu asije akanishikia bango mnadani.

kilo = 75
bei = 2000
malipo = kilo * bei
kilo = kilo + 10
print(malipo)

Anayesema itatoka 170,000 anyooshe mkono. Wengi. Anayesema 150,000? Wanne. Wanne ndio wamepata.

Mstari wa nne ungeuandika kwenye mtihani wa hisabati, mwalimu angekufuta na wewe mwenyewe: kitu gani hicho kinacholingana na chenyewe ukijumlisha kumi? Lakini hapa ile alama ya sawasawa haimaanishi "inalingana". Inamaanisha "weka". Kompyuta inapiga kwanza hesabu ya upande wa kulia, kisha jibu inaliweka kwenye jina lililo kushoto. Na mistari inasomwa kutoka juu kwenda chini, kila mmoja kwa zamu yake. Ilipofika mstari wa tatu kilo zilikuwa 75, ikazidisha, ikaandika 150,000 kwenye malipo, basi. Ni kama stakabadhi ya ghalani, ile karatasi unayopewa ukikabidhi mzigo. Ukishapewa, ukarudi kesho na kilo kumi nyingine, ile ya jana haijiandiki upya mfukoni mwako. Lazima karani apige hesabu tena. Kwenye programu karani ni wewe, uuandike upya mstari wa malipo chini ya badiliko.

Kuhusu majina: usiite kigeu x ukiwa na neno kilo. Na ikiwezekana jina litaje kipimo: uzito_kilo, umbali_km, bei_kwa_kilo. Namba ndani ya kompyuta haina kipimo, 75 ni 75, iwe kilo, gunia au shilingi. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa matokeo kwa vipimo vya nguvu vya paundi na nyingine ikayasoma kama ni vya newton. Watu wenye shahada zao. Kwa hiyo ukichanganya kilo na gunia usijione mjinga, ila rekebisha.

Kugawa kuna alama mbili, na moja ya kuchukua baki. 7 / 2 inakupa 3.5. 7 // 2 inakupa 3, sehemu kamili tu. 7 % 2 inakupa 1, yaani kilichobaki. Zoezi: mna korosho kilo 1,030, gunia moja tuseme linaingia kilo 80.

1030 // 80 ni 12
1030 % 80 ni 70

Magunia kumi na mawili yamejaa, kilo 70 zimebaki. Nikiuliza "nikanunue magunia mangapi?" na programu yako ikajibu 12, hesabu ni sahihi na kilo sabini ziko chini mchangani. Unahitaji 13. Kompyuta haitakwambia.

Fedha nitapita haraka: hifadhini shilingi kwa namba kamili. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakuletea 0.30000000000000004, kwa kuwa ndani inahesabu kwa mbili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa mbili, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa nukta zetu.

La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Asubuhi kijana mmoja hapa kaniambia hakulala vizuri. Tulisema tunaanza saa 3, akaweka kengele ya simu 3:00, ikamwamsha saa tisa usiku! Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Tuandike programu ya kumsaidia: aingize saa ya Kiswahili, apate ya simu.

Wa kwanza atasema, ongeza 6. Saa 2 inakuwa 8, vizuri. Saa 7 inakuwa 13, na mshale wa saa hauna 13. Basi chukua baki ya 12: (saa + 6) % 12. Saa 7 inatoa 1, sawa. Haya, jaribuni saa 6.

... Sifuri. Saa sita ya mchana, adhana ya adhuhuri inakaribia, simu inasema saa sifuri. Baki ya 12 inaanzia 0 na kuishia 11, wakati saa inaanzia 1 na kuishia 12. Kwa hiyo tunapunguza moja kabla ya kuchukua baki, tunairudisha baadaye:

saa_ya_simu = (saa + 5) % 12 + 1

Saa 6: kumi na moja, baki kumi na moja, ongeza moja, 12. Saa 12: kumi na saba, baki tano, ongeza moja, 6. Yule mzee nyuma anauliza programu itajuaje kama ni saa 3 ya asubuhi au ya usiku. Haitajua, mzee wangu, mpaka tuiulize. Hilo ndilo zoezi lenu sasa hivi: ongezeni swali la pili.

Mko thelathini na wanne, kompyuta ziko tano. 34 // 5 ni sita kwa kila kompyuta. 34 % 5 ni wanne, hao waje hapa mezani kwangu.